Usihesabu megabaiti, hesabu milisekunde

Watu wanaojenga wingu lao wenyewe, wakisikia kwamba nashughulika na hifadhi ya pamoja, swali lao la kwanza huwa lile lile: diski zenu zinasoma megabaiti ngapi kwa sekunde? Siwalaumu, maana hiyo ndiyo namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi la diski. Lakini palipo na mashine pepe nyingi, yaani kompyuta zinazoigizwa kwa programu ndani ya seva, zinazotumia hifadhi moja, namba hiyo haikwambii karibu chochote. Mimi huwarudishia swali jingine: ukiandika kipande cha data cha kilobaiti 4, unasubiri muda gani mpaka hifadhi ikuthibitishie kwamba hata umeme ukikatika sasa hivi, kipande hicho kipo? Anayeweza kunijibu hilo kwa milisekunde, najua ameshaanza kuielewa klasta yake, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama moja.

Lori la tani thelathini linalotoka Dar kwenda Tunduma linabeba mzigo ambao bodaboda haiuwezi hata kwa mwezi. Ila kama kazi yako ni kupeleka karatasi moja Kariakoo, isainiwe, irudi, ndipo upeleke ya pili, lori halikusaidii kitu. Kanzidata hufanya kazi ya namna hiyo ya pili, kutwa kucha.

Nasimamia klasta ya seva tano kwenye chumba kidogo cha seva, Kijitonyama. Zinaendesha Proxmox, programu ya kusimamia mashine pepe, na hifadhi ya pamoja ni Ceph, programu inayounganisha diski za seva zote kuwa hifadhi moja, iliyomo ndani ya seva zile zile. Juu yake kuna mashine pepe za wateja wetu: mifumo ya maduka ya dawa, ya vyama vya akiba na mikopo, ya mishahara, na mashine kadhaa za Windows zenye programu za uhasibu ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa. Nilipokabidhiwa kazi hii klasta ilikuwa imeshajengwa na inatembea. Malalamiko ndiyo yalikuwa hayaishi.

"Kaka, mfumo leo mzito," dada wa dirishani katika chama kimoja aliniambia kwa simu. "Nabonyeza hifadhi, kinazunguka tu. Na hapa watu wamejaa."

"Pole dada. Kinazunguka hata ukifungua ukurasa, au ni unapohifadhi tu?"

"Kufungua kunafungua vizuri. Ni nikihifadhi."

Jibu lile lilikuwa na thamani kuliko grafu zote nilizokuwa nazo. Kwenye grafu kila kitu kilionekana kimepumzika: prosesa zina nafasi, RAM ipo, diski zinaandika megabaiti chache tu kwa sekunde. Mtu anayeangalia grafu peke yake angesema hapa hakuna tatizo, na kweli kuna watu waliwahi kulisema hilo kabla yangu. Lakini kusoma kulikuwa kwepesi na kuandika kulikuwa kuzito, na tofauti hiyo ina sababu yake.

Fuatilia safari ya kubonyeza Hifadhi mara moja. Programu inaipa PostgreSQL, ambayo ndiyo kanzidata, muamala. PostgreSQL inauandika kwenye logi yake, kisha inaita fsync, yaani inaiambia keneli, kiini cha mfumo endeshi: usinirudie mpaka data hii iwe mahali ambapo kukatika kwa umeme hakuifuti. Keneli ya mashine pepe inaipeleka kwa draiva ya virtio, draiva inaikabidhi QEMU, programu inayoigiza mashine pepe, iliyo kwenye seva yenyewe, na maktaba ya RBD, mlango wa kuingilia Ceph, inapiga hesabu kujua data ile inakaa kwenye diski ipi. Inapita kwenye kadi ya mtandao, kebo na swichi mpaka kwenye programu ya Ceph inayosimamia diski hiyo, ambayo kwa wakati huo ndiyo kiongozi wa kipande kile. Kiongozi anaituma kwa wenzake wawili, kwa sababu Ceph kwa kawaida huweka nakala 3. Kila mmoja wa hao watatu anaandika kwenye diski yake na kuisubiri diski ikiri. Wawili wanamjibu kiongozi, kiongozi anaijibu mashine pepe, na jibu linapanda njia ile ile kurudi juu. Hapo ndipo kile kinachozunguka kwenye kioo cha yule dada kinapoacha kuzunguka.

Katika safari hiyo yule wa polepole kuliko wote ndiye anayeamua mwendo. Nakala mbili zikimaliza haraka na ya tatu ikachelewa, muamala mzima umechelewa. Kusoma ni hadithi nyingine kabisa, maana data inachukuliwa kwa kiongozi peke yake, tena mara nyingi haifiki hata huko kwa kuwa tayari imo kwenye RAM ya mashine pepe.

Sasa weka hesabu. Uandishi mmoja ukichukua milisekunde 1, mtu mmoja anayeandika moja baada ya moja atapata 1,000 kwa sekunde. Ukichukua milisekunde 10, atapata 100, hata kama diski zako zina uwezo wa kumeza gigabaiti nzima kwa sekunde. Na programu nyingi za biashara zimeandikwa kwa namna ambayo kila mstari wa ankara ni muamala wake. Ankara ya duka la dawa yenye mistari 40, kwa milisekunde 12 kila mmoja, ni karibu nusu sekunde ya kusubiri diski tu, kabla mtandao wa mteja na mengine hayajaingia. Watu wanne wakihifadhi kwa pamoja huku bakapu (nakala ya akiba) inapita, nusu sekunde inageuka kuwa sekunde tatu au nne, na simu yangu inaita.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupima, tena kupima kitu chenyewe. Nakili faili kubwa la video kwenye hifadhi na utapata namba ya kupendeza isiyokufaa. Kipimo ninachokitumia ni programu ya fio, hivi:

fio --name=pima --filename=/dev/sdX --ioengine=libaio --direct=1 --sync=1 --rw=write --bs=4k --iodepth=1 --numjobs=1 --runtime=60 --time_based

Angalizo, na naliweka kabla hujanakili mstari huo: ukiielekeza kwenye diski yenyewe, inafuta kilichomo. Itumie kwenye diski mpya kabla hujaiingiza kwenye klasta, na ndani ya mashine pepe itumie kwenye faili la majaribio. Inafanya kitu kimoja tu: inaandika kilobaiti 4, inasubiri kuthibitishiwa, inaandika nyingine. Kwa wenye PostgreSQL kuna pg_test_fsync, inakuja na kanzidata yenyewe na inakupa jibu la swali hilo hilo bila maneno mengi. Upande wa Ceph kuna amri ya ceph osd perf, inayoonyesha kila diski inachukua milisekunde ngapi kuthibitisha. Tena tazama na mkia wa matokeo: asilimia 99 ya maandishi yamemalizika chini ya muda gani. Wastani unaficha mateso. Mtu wa dirishani haukumbuki wastani, anakumbuka zile mara chache zilizokwama.

Niliposoma orodha ya ceph osd perf, diski nyingi zilikuwa na milisekunde kadhaa na baadhi zilikuwa zinaruka mpaka makumi. Hapa kuna jambo ambalo wengi waliozoea diski moja kwa seva moja hawalitarajii. Ceph haiweki mashine pepe moja kwenye diski moja. Inaikata taswira ya diski yake katika vipande vya megabaiti 4 na kuvisambaza kwenye klasta nzima. Mashine pepe yenye diski ya gigabaiti 100 ni vipande 25,600. Maana yake diski moja inayougua haiwaumizi wateja wachache walio juu yake. Inawaumiza wote, kila mmoja kwa zamu, na hakuna anayeweza kukueleza kwa nini mfumo wake huwa mzito "mara moja moja". Kumtafuta mgonjwa huyo mmoja na kumtoa kunaweza kukusaidia kuliko kununua seva mpya.

Kwetu hakuwa mmoja. Diski zote za awali zilikuwa SSD (diski zisizo na kinachozunguka) za kompyuta za mezani, zile ambazo duka lolote la kompyuta linazo kwenye rafu. Kwenye boksi zimeandikwa zaidi ya megabaiti 500 kwa sekunde, na si uongo. Lakini kwenye kipimo cha fio hapo juu, diski za aina hiyo hushuka mpaka maandishi mia chache kwa sekunde, elfu moja na ushee ikiwa nzuri. SSD ya seva yenye ukubwa ule ule, wakati mwingine hata kiunganishi kile kile cha SATA, inapita elfu kumi.

Tofauti unaweza kuishika kwa mkono. Fungua skrubu za SSD ya seva na uinyanyue kifuniko: pembeni ya ubao kuna safu ya kapasita, vidude vidogo vya manjano au vyeusi vilivyopangwa bega kwa bega, au mara nyingine pipa moja dogo limelazwa ubavuni. Fungua ya kompyuta ya mezani na hapo hakuna kitu. Kazi ya kapasita hizo ni kushika umeme wa kutosha ili, chanzo kikikatika, diski iweze kumwaga kilichomo kwenye kumbukumbu yake ya muda kwenda kwenye flashi, chipu ambamo data hubaki hata bila umeme. Kwa kuwa diski ina uhakika huo, ikiambiwa "thibitisha" inathibitisha papo hapo, data ikiwa bado kwenye kumbukumbu ya muda. Isiyo na kapasita haiwezi kusema hivyo kwa ukweli. Inabidi iandike kwenye flashi yenyewe kila inapoulizwa, pamoja na ramani yake ya ndani ya nini kipo wapi, na flashi ni nzito kuandika. Kilobaiti 4 baada ya kilobaiti 4, kila moja ikisubiri flashi: milisekunde zako zinakwenda huko.

Nimewahi kuambiwa, tena na watu ninaowaheshimu: sisi tuna UPS (betri ya dharura) na jenereta, kapasita za nini? UPS ni ya lazima na sitaki mtu aizime kwa sababu yangu. Lakini diski haijui kwamba una UPS. Inaambiwa imwage, inamwaga, na inachukua muda ule ule. UPS haiongezi kasi hata kidogo. Isitoshe, kwa miji yetu ambapo umeme unaweza kwenda na kurudi mara kadhaa ndani ya saa moja, betri za UPS huchoka mapema kuliko kitabu chake kinavyoahidi, na siku zinapogoma huwa hazitoi taarifa.

Kipo na kishawishi cha kupata kasi bila kununua chochote, na juu ya hili nina msimamo mkali. Mtaalamu mmoja aliyekuja kutushauri alipendekeza tubadilishe mpangilio wa kashe, yaani kumbukumbu ya muda, ya diski za mashine pepe kuwa "unsafe", na fsync ya PostgreSQL tuizime. Kweli mfumo ungeruka. Mpangilio wa unsafe unafanya QEMU ipuuze kila ombi la kumwaga: mashine pepe inauliza "imeandikwa?", inajibiwa "ndiyo", na haijaandikwa. Kuzima fsync kwenye kanzidata ni hivyo hivyo, na umeme ukikatika vibaya hupotezi muamala wa mwisho tu, unaweza kuipata kanzidata nzima imeharibika. Nilikataa na nitaendelea kukataa. Ndani ya mashine zile kuna elfu kumi ya mama lishe aliyoiweka asubuhi kabla ya kwenda sokoni, na risiti anayo mkononi. Mfumo uliompa risiti umemwahidi kwamba pesa yake imeandikwa. Sina ruhusa ya kuivunja ahadi hiyo kimyakimya ili grafu yangu ipendeze. Kundi moja na hayo ni kupunguza nakala kuwa 2 na kuruhusu klasta iendelee kuandika ikiwa imebaki 1. Diski moja ikifa na ya pili ikasita, data imekwenda.

Kuna njia ya kati ambayo ni halali ukiijua bei yake. PostgreSQL ina mpangilio wa synchronous_commit, unaoifanya isubiri diski kabla ya kuthibitisha muamala. Ukiizima, kanzidata haiharibiki, ila umeme ukikatika unaweza kupoteza miamala ya mwisho, kwa mpangilio wa kawaida isiyozidi takriban sekunde 0.6. Kwa kanzidata ya takwimu za kutembelewa kwa tovuti, sawa. Kwa akiba za watu, hapana.

Basi tukabadilisha diski, kwa awamu, kadiri bajeti ilivyoruhusu. Unatoa moja, unaweka mpya, unaisubiri klasta ijijaze, unakwenda ya pili. Na hapo ndipo mtandao ulipojionyesha.

Seva zilikuwa zimeunganishwa kwa gigabiti 1. Kilobaiti 4 kupita kwenye waya huo zinachukua kama mikrosekunde 33, kwenye gigabiti 10 kama 3.3, na ukikumbuka kwamba data inavuka mtandao zaidi ya mara moja kabla ya jibu kurudi, si haba. Lakini kilichotuumiza hasa ni kujaa. Gigabiti 1 ni megabaiti 125 kwa sekunde, basi. Diski mpya ya terabaiti 4 ikijazwa kwa kasi hiyo bila kupumzika inahitaji karibu saa 9, na kwa saa hizo zote maandishi madogo ya wateja yanapanga foleni nyuma ya data ya ukarabati. Kuunganisha kebo mbili kwa LACP, njia ya kuzifanya zifanye kazi kama moja, hakukuondolei hilo kama unavyodhani, kwa sababu mazungumzo mamoja ya TCP hupita kwenye kebo moja tu. Tulinunua swichi ya gigabiti 10 na kadi zilizotumika za seva, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote baada ya diski.

Juu ya fremu kubwa, yaani pakiti za mtandao za mpaka baiti 9,000 (MTU 9000) badala ya 1,500 za kawaida, ushauri wangu ni mfupi. Faida yake kwa maandishi madogo ni ndogo, na hasara ya kuziweka nusu nusu ni kubwa: swichi moja ikisahaulika, ping ya kawaida inapita, klasta inaonekana hai, ila pakiti kubwa zinapotea na Ceph inaanza kulalamikia vitu visivyoeleweka. Ukiziweka, jaribu kutoka kila seva kwenda kila seva kwa ping -M do -s 8972. Isipopita, rudi 1500 ulale salama.

Kitu kingine ambacho hakigharimu senti, na hakuna anayekiangalia: usingizi wa prosesa. Seva za kisasa zikikosa kazi hata kwa kitambo kidogo huzima sehemu za prosesa ili kuokoa umeme, na kuamka kutoka usingizi mzito kunaweza kuchukua zaidi ya mikrosekunde 100. Kwa kazi nzito hutaliona, kwa sababu prosesa hailali. Kwa kazi ndogo ndogo zenye kusubiriana kama hizi, kila hatua ya safari inakuta mtu amesinzia. Ndiyo maana unaweza kuona ajabu kwamba klasta isiyo na kazi inajibu polepole kuliko yenye kazi ya wastani. Ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya seva, chagua mpangilio wa utendaji badala ya kuokoa umeme, kisha kwenye Linux weka profaili ya network-latency ya programu ya tuned. Bili ya umeme na kiyoyozi vitapanda kiasi, na hilo mwambie bosi mapema.

Ndani ya mashine pepe zenyewe kulikuwa na mambo ya kusafisha. Baadhi ya zile za Windows zilikuwa bado zinatumia diski za kuigiza IDE, kiunganishi cha zamani cha diski kilichotungwa kwa ajili ya kompyuta halisi, ambapo kila ombi linapitia uigizaji mrefu na maombi hayawezi kwenda sambamba. Dawa ni kuchagua kwenye Proxmox virtio-scsi-single pamoja na iothread, ili kila diski iwe na uzi wake wa kazi badala ya zote kusubiriana. Kwa Windows usibadilishe ghafla, itakataa kuwaka na kukuonyesha kioo cha bluu. Iongezee kwanza diski ndogo ya pili ya virtio, iwashe, sakinisha draiva, hakikisha Windows inaiona hiyo ndogo, kisha zima na uibadilishe ile kubwa. Washa na mpangilio wa discard, ili faili zinazofutwa ndani zirudishe nafasi kwenye Ceph. Na kama mashine pepe ina RAM ndogo mpaka inaandika swapu (diski inayotumika kama RAM ya ziada) siku nzima, iongezee RAM; hakuna hifadhi ya pamoja duniani itakayoshukuru kugeuzwa RAM.

Halafu bakapu. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nilikuta watu wengi hawajui kinachotokea. Proxmox inapochukua bakapu ya mashine pepe inayotembea, inahitaji picha ya diski kama ilivyokuwa dakika ile bakapu ilipoanza. Mashine pepe ikitaka kuandika juu ya kipande ambacho bado hakijachukuliwa, QEMU inaisimamisha kwanza, inakinakili kile cha zamani kwenda kwenye seva ya bakapu, ndipo inaruhusu kipya kiandikwe. Umeelewa maana yake? Kama seva yako ya bakapu ina diski za kuzunguka, au ipo jengo jingine kwa njia ya intaneti, basi kwa muda wa bakapu mashine pepe inaandika kwa mwendo wa seva ya bakapu. SSD zako zote nzuri zinasubiri. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inatumia milisekunde 8.3 kuzunguka mara moja, kabla hata hujahesabu mkono wa kusomea kuhama. Duka la dawa linalofunguliwa usiku kucha lilikuwa linalalamika saa saba usiku kila siku, na sababu ilikuwa hiyo.

Tangu toleo la 8.2 la Aprili 2024 Proxmox ina kitu kinaitwa fleecing: kile kipande cha zamani kinawekwa pembeni kwenye hifadhi ya haraka ya hapo hapo, mashine pepe inaendelea na kazi yake, na bakapu inakuja kukichukua kwa wakati wake. Iwashe kwenye kila kazi ya bakapu. Sijaona sababu ya kutoiwasha ikiwa nafasi ipo.

Majirani nao wanahitaji adabu. Mashine pepe zikitengenezwa kutoka kiolezo kimoja, zote zina ratiba moja: antivairasi inapekua saa ile ile, sasisho zinaanguka dakika ile ile, logi za zamani zinafungwa na mpya kufunguliwa usiku wa manane kamili. Tawanya. Kwenye systemd, msimamizi wa huduma na ratiba za Linux, kuna RandomizedDelaySec kwa ajili hiyo hiyo. Kwa mashine chache zenye ulafi niliweka kikomo cha maandishi kwa sekunde kwenye diski yake, na mwenye mashine nilimweleza kabla, kwa sababu kumfunga mtu kimyakimya kunaleta ugomvi usio na sababu. Upande wa Ceph, tangu toleo la Quincy la 2022, mpangaji wa kazi wa mClock ndiye wa kawaida. Mchana naiacha kwenye profaili ya high_client_ops, inayowapa wateja kipaumbele mbele ya ukarabati, na diski ikifa kweli naibadilisha profaili hiyo usiku ili ukarabati ukimbie.

Niseme na kuhusu ushauri wa zamani unaozunguka. Mtu atakwambia uweke jarida la Ceph kwenye SSD ya pembeni kwa sababu kila kitu kinaandikwa mara mbili. Hiyo ilikuwa sahihi enzi za FileStore, namna ya zamani ya Ceph kuandika kwenye diski. Tangu toleo la Luminous la 2017, BlueStore ndiyo ya kawaida na inaandika moja kwa moja kwenye diski bila mfumo wa faili katikati. Angalia tarehe ya ushauri kabla ya kununua kifaa.

Ila jambo lililoleta unafuu mkubwa kuliko lolote kwa yule mteja wa duka la dawa halikuwa kwenye chumba changu kabisa. Nilikaa na vijana wanaoandika ile programu, nikawaonyesha logi ya kanzidata: ankara moja, miamala 40. Wakaifunga ankara nzima ndani ya muamala mmoja. fsync 40 zikawa 1. Hakuna diski ninayoweza kununua itakayoongeza kasi mara arobaini kwa siku moja, na wao walifanya hivyo kwa mabadiliko ya mistari michache. Tangu hapo, mtu akiniletea malalamiko ya hifadhi, naomba nione kwanza programu yake inathibitisha mara ngapi kwa kubonyeza mara moja. Wenye kuandika programu na wenye kutunza seva tunakaa mbali mno, na wateja ndio wanaolipa nauli ya umbali huo.

Klasta bado haijakamilika. Seva mbili kati ya tano zina diski za zamani, na kwa kuwa nakala ya tatu mara nyingi inaangukia huko, mkia wa milisekunde haujapotea wote. Nimeulizwa kama kushusha primary-affinity ya diski hizo, yaani uwezekano wa kuchaguliwa kuwa viongozi, kutatosha kwa sasa. Kutasaidia kusoma, kwa sababu hazitakuwa viongozi tena, lakini kuandika hakutabadilika, kwani nakala zote tatu lazima zijibu. Diski mpya zimeshalipiwa na zinasubiri kutolewa bandarini. Zikifika nitazibadilisha moja moja, sitagusa inayofuata mpaka klasta iseme HEALTH_OK (kwamba ni nzima), na kila inayoingia itapita kwenye fio kwanza, hata kama boksi lake limeandikwa vizuri kiasi gani.